Mvi zimeanza kutoka? Gisi ya kuzichanganya na rangi bila kurudia saloni kila wiki mbili

Kila juma napata ulizo ileile, ku saloni, ku telefone, mpaka ku mulango ya kanisa: "Yaya, mvi zimekuwa mingi, nipake nini?" Na ukiangalia muzuri unakuta ule mwenye anauliza ameisha kununua rangi nyeusi titi, iko mu sakoshi, anangoja tu nimwambie ndiyo. Mimi namwambiaka hapana. Sasa nimechoka kurudilia maneno, naandika yote hapa, ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Shida ya nyeusi titi ni moja. Wiki ya kwanza uko kijana, wiki ya tatu mstari mweupe umetoka katikati ya kichwa. Nywele zinarefukaka karibu sentimita 1 kwa mwezi, haziombi ruhusa. Mimi mwenyewe nilitembeaka na ule mstari karibu miaka mbili bila kujua, ju ku kioo unajiangaliaka mbele, juu ya kichwa hauonake. Ku dote ya mutoto ya dada yangu fotografe akapanda ku ngazi kusudi achukue batu bote, foto ikatoka, na mimi pale katikati niko na kanjia keupe ku kichwa sawa vile mutu alipita na unga ya muhogo mu sashe yenye imetoboka. Ile siku njo niliacha nyeusi.

Hii yenye nitakueleza haifichi mvi. Inazichanganya: zingine zinapata rangi ya kahawia ya giza, zingine zinabakia nyeupe vile ziko, na zile zako nyeusi hazigusiwe. Zikiota, hakuna mstari, ju kutoka mwanzo hakukuwa ukuta wa rangi moja. Unarudilia kisha miezi mbili na nusu ao tatu, na hata ukisahau mpaka miezi ine hakuna mutu atajua.

Kwanza jua uko kundi gani

Gawanya kichwa mara ine, simama ku mulango fasi kuko mwangaza ya jua, omba mutu akuangalilie nyuma.

Kama mvi ni za kuhesabu, iko moja huku mbili kule, kazi ni ndogo: unapaka rangi laini kichwa yote, nyeusi zako hazitabadilika, nyeupe tu njo zitashika kahawia. Ruka hatua ya 6.

Kama ziko nusu kwa nusu ao robo, hii mwongozo yote ni yako.

Kama nyeupe ndizo mingi kuliko nyeusi, mama, acha. Kweli nakuambia. Nunua shampo ya zambarau ya kutosha manjano, osha nayo mara moja kwa wiki mbili, kata nywele vizuri, na utapendeza kuliko bote benye banapaka. Ukitaka sana, paka tufungu kidogo twa giza kule nyuma ku shingo, basi.

Vitu vya kuwa navyo mbele ya kuanza

- Rangi yenye ku katoni yake wameandika *ton sur ton* na *sans ammoniaque*. Hii njo kitu ya muhimu kupita vyote. Inaingiaka kidogo tu mu nywele na inatoka polepole ukiwa unaosha, mara makumi mbili na kitu, haiachi mstari. Ile ya *permanente* inabakia pale mpaka uikate.
- Oksida, ile kichupa ya pili. Mara mingi inakuya mu katoni moja na rangi. Kama unanunua mbalimbali, chukua volumu 10 (asilimia 3) ao chini yake. Muuzaji atakupa ya 20 ao ya 30 ju njo zenye anauzaka sana, kataa. Ya 20 inafungua nywele nyeusi na kuiletea wekundu, ya 30 ni mbaya zaidi.
- Bakuli ya plastiki. Siyo ya chuma, wala ile sahani ya aluminyo yenye unapondeaka sombe.
- Borosi ya meno ya zamani, safi. Penso ya saloni ni kubwa sana kwa hii kazi.
- Kisanulio ya mukia (ile ya ncha moja ndefu), tubano tunane ao kumi.
- Karatasi ya aluminyo, uikate vipande virefu sawa kiganja na nusu. Kama hauna, hata plastiki ya sashe safi inafaa.
- Glavu, Vaseline, taulo na kitenge ya kuzeeka.
- Bido mbili za maji zenye kujaa. Usicheke. Siku moja nilikuwa na rangi ku kichwa, robine ikakauka, mutoto akatumwa ku jirani kule chini ya mulima na bido, na mu Bukavu munajua kupanda na bido ni saa ngapi. Dakika 20 zikakuwa karibu saa moja. Nilitoka karibu nyeusi, ile yenyewe nilikuwa nakimbia.

Kuhusu namba ya rangi batu banakoseaka sana. Ku katoni za kifaransa 1 ni nyeusi, 2 *brun*, 3 *châtain foncé*, 4 *châtain*, 5 *châtain clair*. Sisi wengi tuko 1 ao 2. Usichukue namba yako, panda moja ao mbili: chukua 3 ao 4. Mvi yenye kupakwa 3 inalala katikati ya nyeusi sawa uzi yenye jua limeunguza kidogo, macho inapita bila kusimama. Halafu angalia namba ya kisha nukta: 4.1 inavutia ku majivu, 4.3 ku dhahabu, na *acajou* ao *rouge* itakuletea wekundu. Mu mvi nyeupe hakuna kitu ya kuzuia ile wekundu, inawaka. Mimi natumiaka yenye kuwa na namba moja tu bila nukta, ao ya .1.

Neno moja tena mbele ya hatua: kama umetia defriza (dawa ya kunyoosha nywele), ngoja wiki mbili nzima mbele ya rangi. Na kama kichwa iko na kidonda, upele ao ile kuunguzwa ya defriza, haupaki leo.

Hatua kwa hatua

1. Jaribu ku ngozi, masaa 48 mbele. Changanya kitone ya rangi na kitone ya oksida, paka nyuma ya sikio ao ndani ya kiwiko, uache. Najua 8 kwa 10 kati yenu mutaruka hii hatua. Musiruke. Mu rangi mingi muko dawa moja inaitwa PPD ao ndugu zake, na mutu anaweza kuitumia miaka kumi bila shida kisha siku moja uso unavimba mpaka macho inafunga. Kama uliisha kuchorwa ile hina nyeusi ya mikono ku arusi ikakuwasha, wewe hasa chunga, ju mara mingi ile weusi ni PPD, hina yenyewe inatoaka machungwa. Ukiona wekundu, kuwasha ao malengelenge, hakuna rangi, hata ya bei kali.

2. Osha nywele siku moja mbele. Toa mafuta yote ya karite, ya nazi, ya mise, rangi haishike juu ya mafuta. Lakini usikwaruze kichwa na kucha. Kisha suka mabutu manane ao kumi makubwa, ulale nayo. Kesho ukifungua nywele zitakuwa zimenyooka kidogo na utaona mvi moja moja. Mu nywele yenye kujikunja bila kunyoosha unapakaka kipofu.

3. Paka Vaseline ku paji la uso, ku masikio juu na nyuma, ku shingo. Ngozi tu. Ikigusa mvi za pembeni hazitashika rangi. Na zile tunywele tudogo twa mbele sawa twa mutoto, tupake Vaseline makusudi kusudi rangi isitufikie, ju tunakuwaka nyeusi haraka na njo tunatoaka siri inje.

4. Gawanya mara ine, funga na tubano. Anza na fasi yenye mvi ni kali, kwa wengi ni pembeni ya masikio na mbele. Kule mvi ni ngumu, zinachelewaka kunywa rangi, zinahitaji dakika zaidi.

5. Changanya nusu tu. Fuata kipimo ya katoni, zingine ni moja kwa moja, zingine moja kwa mbili, usibuni. Ikiisha kuchanganyika inaanza kufa, kisha nusu saa haina nguvu. Na ile yenye inabakia usiichunge mu kichupa ya kufunga, inavimba na inaweza kupasuka mu kabati. Tupa.

6. Chagua tufungu. Hapa njo kazi yenyewe iko, usikimbie.

Chukua safu moja ya nywele na ncha ya kisanulio, lakini usivute mstari wa kunyooka. Peleka ncha huku na kule, sawa barabara ya kupanda Kadutu. Mstari wa kunyooka utaleta mstari wa kunyooka, hata na rangi laini.

Mu ile safu, ingiza ncha ya kisanulio chini, juu, chini, juu, sawa mutu anafuma mukeka. Zile zenye zimebakia juu njo kafungu kako. Kawe kembamba sawa kamba ya kiatu. Kako na mvi mingi ndani? Kapake. Kenye kufuata, hata kama kako na mvi, kaache keupe. Ndiyo, kaache. Hapa njo kila mutu ananiuliza "sasa si nitabakia na mvi?" Utabakia nazo dada, njo tumekuya kufanya. Ukipaka zote umerudi ku ukuta.

Hesabu yangu: ku mbele na ku masikio tufungu sita mpaka munane, juu ya kichwa kumi mpaka kumi na tano, nyuma tune ao tutano tu ju nyuma mvi zinachelewaka. Mara ya kwanza paka kidogo kuliko hiyo. Kuongeza ni rahisi, kutosha ni machozi.

(Nikisema kafungu sisemi meshi ya kusukia. Mama moja alikuya na meshi mpya mu sashe akaniambia "nimeleta vile uliandika." Tulicheka, kisha nikamsuka.)

7. Paka. Weka kipande ya aluminyo chini ya kafungu. Tia rangi ku borosi ya meno, kidogo. Anza sentimita mbili mbali na ngozi, teremka mpaka mwisho. Kisha, na ile rangi kidogo yenye imebakia ku borosi, rudi juu ukigusa polepole kuelekea ku ngozi, sawa unapangusa vumbi. Ile fasi ya ngozi ipate rangi nyepesi, isipate bonge. Kule kupungua polepole njo kunafanya zikiota usione fasi rangi ilianzia. Kunja aluminyo mara mbili, nenda ku kafungu kengine.

8. Ngoja, lakini na macho. Katoni inasema dakika 20 kwa mfano, wewe ku dakika 15 fungua kafungu kamoja, pangusa na taulo yenye maji kidogo, enda ku mulango uangalie ku jua. Ampule inadanganya, ya manjano inaonyesha wekundu, ya neo inaonyesha majivu. Ndiyo maana mimi sipakake rangi usiku, na pia ju ya umeme, mukijua vile tuko. Imefika? Osha. Haijafika? Dakika tano tena. Usipitishe dakika zenye katoni imeandika na kitu mingi, rangi ya giza inaendelea kuongezeka.

9. Osha na maji ya vuguvugu ao baridi mpaka yatoke safi. Bila shampo leo. Tia apreshampo yenye inakuya mu katoni, dakika mbili tatu, osha. Kausha na taulo ya zamani, ile ya wageni uichunge. Usioshe tena masiku mawili.

10. Kisha hapo, maisha ya kawaida. Osha mara moja kwa wiki, funga fulari ya satini usiku, na jua ya saa sita vaa kitambaa ju hapa petu tuko juu, zaidi ya mita 1.400, na jua ya mulima inakula rangi mbio. Ukirudilia kisha miezi tatu, usipake tufungu tuletule kichwa kizima: zile zenye zilibakia nyeupe mara ya kwanza, sasa paka nusu yazo, na zile za kwanza ziache zififie. Unabadilisha zamu.

Makosa yenye naona sana

Kudekolore nyumbani. Mutu ameona ku telefone bazungu na mvi zao zimezungukwa na dhahabu, anataka vile. Ile ni kazi ya kufungua nywele nyeusi na poda, na mu nywele zetu zinapita ku machungwa mbele ya kufika fasi. Juu ya nywele yenye defriza zinakatika, siyo moja moja, zinabakia mu mukono. Kama unaitaka kweli, enda kwa kwafezi mwenye uliisha kuona kazi yake na macho, na kichwa kisicho na defriza.

Kupaka hina leo, rangi ya duka wiki yenye kufuata. Hina safi peke yake ni muzuri, juu ya mvi inatoka machungwa, ukiongeza indigo inaelekea kahawia. Lakini hina za sashe zenye haujue ndani muko nini, zingine ziko na chumvi za chuma, na zikikutana na oksida nywele inaweza kupata moto, kugeuka kijani ao kukatika. Ukiwa na hina ya hivyo, jaribu ku kafungu kamoja kenye umekata.

Kupaka nyusi na kope na rangi ileile. Hapana kabisa. Inaweza kuharibu macho na macho hayanunuliwe ku soko ya Nyawera.

Kupaka juu ya rasta ao nywele zenye zimesukwa, ju ya haraka. Rangi inakauka ndani, haiwezi kutoka vizuri, kichwa inawasha wiki nzima.

Imeenda mbaya, nifanye nini?

*Imetoka giza sana.* Usilie, na usikimbilie kudekolore. Siku ileile ao kesho yake osha na shampo ya kutosha mba mara mbili tatu, uache povu dakika tano kila mara. Rangi laini itapungua. Kisha tia apreshampo mingi ju ile shampo inakausha.

*Imetoka nyekundu.* Ao oksida ilikuwa na nguvu sana, ao namba ya kisha nukta haikuwa ya kwako. Ngoja wiki mbili, rudilia ile tufungu tu na ya .1, dakika kumi, ukiangalia.

*Mvi hazikushika kabisa.* Mara mingi ni mafuta, ao uliziosha mbele na apreshampo. Kama nywele zilikuwa safi basi ni mvi ngumu: mara yenye kufuata anza nazo na uziachie zile dakika za mwisho zenye katoni inaruhusu. Mvi yenye imekataa mara mbili, iache, yenyewe itakuwa ile kafungu keupe.

*Rangi imeshika ku ngozi.* Mafuta ya kupika ku kapamba, zungusha polepole, kisha sabuni. Siyo jiki! Nimeona mama mwenye alitumia jiki ku paji la uso, doa ya rangi ingetoka kwa siku mbili, ile ya jiki ilikaa mwezi.

*Nyeupe zenye zilibakia zimekuwa manjano.* Moshi ya makala na jua. Ukipika ku mbabula funga kichwa. Halafu ile shampo ya zambarau, dakika tatu tu, ukisahau utatoka na kirangi ya maua ya biringanya.

*Inawasha ao inaunguza saa rangi iko ku kichwa.* Usingoje dakika ziishe. Osha palepale na maji mingi. Uso ukianza kuvimba, ao pumzi ikikuwa nzito, panda moto uende ku hospitali, na uchukue katoni mu mukono kusudi munganga asome.

*Niko na mimba.* Batu wengi banangoja miezi tatu ya kwanza ipite. Faida ya hii ya tufungu ni kwamba rangi haikae ku ngozi ya kichwa, lakini uliza munganga wako, na fungua madirisha.

Na bapapa benye banaandikaka usiku kusudi bibi asione: ndiyo, ndevu pia inawezekana, lakini jaribu ku ngozi ya taya masaa 48 mbele, chukua namba 4 siyo 3, dakika tano mpaka saba tu ju ndevu inakunywaka mbio, paka katikati na uache pembeni nyeupe. Itakaa wiki mbili tatu, siyo miezi tatu, ju uso unaoshwa kila siku.